Mpaka wa Hakimu katika Kuita Mashahidi

Katika mabaraza ya Kiingereza hakimu hukaa kati ya washindani, akasikiliza yale waliyoyaleta. Lakini akitambua kwamba yuko mtu aijuaye habari, wala hakuna aliyemwita, je, aweza kumwita mwenyewe? Jawabu lao ni kwamba aweza, hata pande zote mbili zisipopenda. Jambo lililowasumbua ni hili: hata lini?

Asili ya jawabu twaiona katika kesi ya John Frost, aliyepata kuwa meya wa Newport, nchi ya Wales. Tarehe 4 Novemba 1839 maelfu ya wachimba makaa na wafua chuma waliingia mji ule pamoja naye, kwa ajili ya madai ya haki ya kupiga kura. Askari wakawapiga risasi, wakafa watu wapatao 22. Frost akashitakiwa uhaini huko Monmouth. Humo Jaji Tindal alisema kwamba Serikali yaweza kujibu kwa ushahidi mpya baada ya utetezi, iwapo limezuka neno ambalo akili ya mwanadamu isingeweza kulitazamia. Kwa Kilatini huitwa *ex improviso*, yaani la ghafula.

Kanuni ile ilimfunga mshitaki tu. Ni mwaka 1927, katika kesi ya Harris, ndipo ilipomfunga na hakimu pia. Mwanamke alishitakiwa kupokea mali ya wizi. Alipokwisha kujitetea, hakimu alimwita mmoja wa wenziwe aliyekwisha kukiri kosa, naye akanena maneno ya kumtia hatiani. Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu, kwa kuwa hapakuwa na jambo lolote la ghafula. Aliyesoma uamuzi ni Jaji Avory, ambaye sifa yake ilikuwa ukali, wala si huruma. Kwetu sisi sababu yake yatosha: mtu akiisha kufunua ngao yake yote, si haki hakimu amtafutie mshitaki mkuki.

Huko Bara Hindi sheria ilishika njia nyingine. James Fitzjames Stephen, aliyeitunga Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1872, alijua kwamba mabaraza mengi ya huko hayana mawakili, hata hakimu asipouliza hapana atakayeuliza. Akampa ruhusa ya kuuliza lolote, wakati wowote; ila hukumu isimame juu ya mambo yahusuyo kesi, yaliyothibitishwa sawasawa. Sheria ya mwaka 1898 ikaongeza kwamba hakimu *aweza* kumwita shahidi wakati wowote wa kesi, na kwamba *lazima* amwite akiwa ushahidi wake ni wa lazima kwa hukumu ya haki. Tazameni uzito wa maneno hayo mawili!

Sheria ile ya 1872 ilitumika na kwetu: Kenya hata 1963, Tanganyika hata 1967. Na maneno yale mawili, *aweza* na *lazima*, yaliingia katika sheria za Kenya na Tanzania za kuendesha kesi za jinai, nayo yangalimo. Hata hivyo, shahidi akiitwa na hakimu, pande zote zina haki ya kumhoji. Na kama upande mmoja waweza kudhurika, kesi huahirishwa hata ujitayarishe.