Umoja wa Wafanyakazi na Usalama Kazini: Funzo la Historia Yetu

Utangulizi

Katika madarasa ya elimu ya siasa swali moja hujitokeza kila tunapofika kwenye somo la tabaka la wafanyakazi. Wanafunzi huuliza: ni nani aliyeleta usalama kazini? Wapo wanaojibu kuwa ni Serikali, kwa sababu ndiyo inayotunga sheria. Wapo wanaojibu kuwa ni maendeleo ya ufundi, kwa sababu mashine za siku hizi zina kinga ambazo mashine za zamani hazikuwa nazo. Majibu haya yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yote yanaacha nje jambo la msingi.

Katika makala hii tutaonyesha, kwa kutumia historia ya nchi yetu wenyewe, kwamba sheria ya usalama hupata nguvu mahali pa kazi kwa kadiri wafanyakazi wa mahali hapo walivyojipanga. Umoja wao unapolegea, sheria hubaki karatasi iliyobandikwa ukutani.

Enzi ya ukoloni

Mkoloni alipotazama usalama wa mfanyakazi, kwanza alitazama usalama wa mali yake. Sheria ya mwaka 1923 iliyohusu mabwana na watumishi wenyeji ilimfanya mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa mkosaji wa kushtakiwa. Mtu aliyeona kazi ni ya hatari hakuwa na ruhusa ya kuondoka.

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro manamba walifanya kazi kwa kipande. Kadi ilikuwa na siku 30, na mshahara ulitolewa kadi ilipojaa. Siku ambayo mwiba wa mkonge ulimchoma mkataji jichoni, au mkono ulijeruhiwa kwenye mashine ya korona, ilikuwa siku isiyotiwa alama. Kwa maneno mengine, gharama ya ajali ilibebwa na yule yule aliyeumia. Hapo ndipo kilipo kiini cha tatizo lote la usalama kazini: maadamu ajali haimgharimu mwenye mali, hana sababu ya kuizuia.

Bandarini Dar es Salaam hali ilikuwa hiyo hiyo. Makuli walikuwa vibarua wa kutwa. Aliyevunjika mguu leo, kesho nafasi yake ilichukuliwa na mwingine langoni. Lakini makuli hao hao ndio waliokuwa miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza nchini kutambua nguvu ya umoja. Waligoma mwaka 1939. Waligoma tena Septemba 1947, na safari hii mgomo ukaenea kwa wafanyakazi wa reli na kwenye miji iliyo kando ya Reli ya Kati. Matokeo yake walipata nyongeza ya mshahara na wakaunda chama chao.

Sasa tutazame mwaka 1950, maana mambo mawili yalitokea mwaka huo. La kwanza, baada ya mgomo mwingine bandarini uliofuatiwa na ghasia, chama cha makuli kilivunjwa. La pili, serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Viwanda. Sheria hiyo ilifuata mfano wa ile ya Uingereza ya mwaka 1937. Iliagiza sehemu za hatari za mashine zizungushiwe kinga, boila zipimwe, na karakana ziwe na hewa, mwanga na usafi.

Msomaji asiharakishe kuishukuru serikali hiyo. Uingereza kwenyewe sheria za namna hii hazikuzaliwa kwa huruma. Wakaguzi wa viwanda walianza kazi huko kwa sheria ya mwaka 1833, wakiwa wanne tu, baada ya mapambano makali ya kupunguza saa za kazi za watoto. Karl Marx alitumia sana ripoti za wakaguzi hao katika Capital, kitabu alichokitoa mwaka 1867, na alionyesha kwamba kila kifungu cha sheria kilikuwa alama ya mapambano ya tabaka. Kwa hiyo mwaka 1950 Mwingereza alituletea tunda la mapambano ya wafanyakazi wa kwao, na mwaka huo huo akaukata mti wa wafanyakazi wa kwetu. Kuli na mfanyakazi wa kiwandani waliachiwa sheria, lakini wakanyang'anywa mdomo wa kuidai.

Baada ya Uhuru

Mwaka 1955 Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, liliundwa, na katibu wake mkuu akawa Ndugu Rashidi Kawawa. Shirikisho hilo lilikuwa bega kwa bega na TANU katika kudai Uhuru. Lakini baada ya Uhuru mgongano ulitokea. Serikali changa ilihitaji uzalishaji na utulivu. Vyama vilitaka uhuru wa kugoma. Mwaka 1962 sheria iliibana haki ya kugoma, na mwaka 1964, baada ya maasi ya jeshi ya Januari, TFL ilivunjwa na chama kimoja, NUTA, kikaundwa.

Mwaka huo wa 1964 ilitungwa pia Sheria ya Usalama wa Ajira, iliyoanzisha Kamati za Wafanyakazi. Ilikuwa hatua kubwa. Mwajiri hakuweza tena kumfukuza mtu kwa hasira za asubuhi moja, na Kamati ilipewa kazi ya kumshauri mwajiri juu ya usalama na ustawi wa wafanyakazi. Lakini ndani ya hatua hiyo mlikuwa na hitilafu mbili ambazo kada hana budi kuzielewa.

Kwanza, Kamati ile ile iliyotakiwa kusemea usalama ilitakiwa pia kushughulikia nidhamu. Mfanyakazi aliyekataa kuwasha mashine isiyo na kinga aliweza kuonekana mtetezi wa wenzake au mkaidi, kutegemea nani aliyekuwa akisikilizwa siku hiyo. Pili, Ndugu Michael Kamaliza alikuwa Waziri wa Kazi na wakati huo huo Katibu Mkuu wa NUTA. Mkaguzi wa viwanda na msemaji wa wafanyakazi walikuwa na mkubwa mmoja. Hatumlaumu mtu, huo ndio uliokuwa mpango wa wakati ule, na ulikuwa na sababu zake. Lakini mfanyakazi aliyetaka kulalamika kwamba mkaguzi hafiki kiwandani alijikuta akipeleka shauri kwa yule yule aliyemshitaki.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka viwanda vikubwa mikononi mwa umma. Wengine walidhani kwamba mwenye mali akiwa umma, hatari itaondoka yenyewe. Mkanda wa mashine haumjui mwenye kiwanda. Hukata mkono wa mfanyakazi wa shirika la umma kama unavyokata wa mfanyakazi wa bepari. Kwa kutambua kwamba kubadili umiliki hakutoshi, Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulianzisha Mabaraza ya Wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliuchukua Mwongozo huo na kuutumia. Kati ya mwaka 1971 na 1973 migomo ilizuka katika viwanda vingi vya Dar es Salaam, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa kiwanda wenyewe. Makosa yalikuwapo, lakini funzo moja ni dhahiri: meneja anayemdharau mfanyakazi hawezi kusikia onyo lake, na onyo lisilosikiwa ndiyo ajali ya kesho.

Baadaye NUTA ilirithiwa na JUWATA, jumuiya ya Chama. Miaka ya 1980 ilikuwa ya uhaba wa fedha za kigeni na vipuri. Mashine chakavu ni mashine ya hatari, na wakati huo ndipo sauti kali ya wafanyakazi ilipohitajika zaidi. Jumuiya iliyozoea kupeleka maagizo chini haikuwa imejizoeza vya kutosha kupeleka malalamiko juu.

Elimu ya hatari ni elimu ya pamoja

Hapa inafaa tueleze kanuni za msingi, maana kada asiyezijua hawezi kuwasaidia wafanyakazi. Hatari hukabiliwa kwa mpango ufuatao:

(a) Kuiondoa kabisa kwenye chanzo chake, kwa mfano kuacha kutumia dawa yenye sumu.

(b) Kuitenga na mtu: kinga juu ya mkanda na gia, feni ya kunyonya vumbi.

(c) Kupanga kazi vizuri: mafunzo, zamu zisizochosha, na kuzima mashine na kuifunga swichi kabla ya fundi kuingiza mkono.

(d) Mwisho kabisa, vifaa vya kujikinga kama helmeti, glovu, buti na barakoa.

Wakubwa wengi hupenda kuanzia mwisho, kwa sababu glovu ni rahisi kuliko feni, na kwa sababu mtu akiumia husemwa kwamba hakuivaa. Hivyo lawama huhama kutoka kwa aliyeipanga kazi na kumwangukia aliyeifanya.

Tuchukue mfano wa vumbi la pamba. Mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi huanza kwa kubanwa kifua siku ya kwanza baada ya mapumziko, kisha hali hutulia. Akiwa peke yake atasema ni mafua, au baridi ya asubuhi. Lakini wakikaa ishirini wa chumba kimoja wakaulizana, na kumi wakasema kifua hubana Jumatatu, hapo ugonjwa umejitambulisha. Hakuna mmoja wao aliyeujua. Wote kwa pamoja wameujua. Ndiyo kusema, umoja si nguvu ya kugomea tu. Umoja ni njia ya kupata elimu ambayo mtu mmoja hawezi kuipata.

Hali ya leo

OTTU ilianzishwa mwaka 1991, na mwaka 1992 nchi ikaingia katika vyama vingi na matawi ya siasa yakaondolewa mahali pa kazi. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa mwaka 2001. Sheria ya mwaka 2003 iliifuta ile ya mwaka 1950, ikavuka mipaka ya viwanda na kufika sehemu nyingine za kazi, na ikaagiza kuwapo kwa wawakilishi na kamati za usalama na afya. Sheria ya Fidia ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wake ukaanza kazi mwaka 2015.

Hayo ni mafanikio. Lakini mvua ziliyafurika machimbo ya Mererani mwaka 1998 na makumi ya wachimbaji wakafa; zikayafurika tena Machi 2008, na makumi wengine wakafa. Funzo la kwanza halikukosa sheria. Lilikosa watu waliojipanga wa kulishika. Fidia nayo haimrudishii mtu mkono, wala haimfufui baba wa watoto.

Hitimisho

Kazi ya kada leo si kuchukua nafasi ya chama cha wafanyakazi. Historia imeonyesha gharama ya kuchanganya kofia. Kazi yake ni kuelimisha na kuuliza. Je, mjumbe wa kamati ya usalama alichaguliwa na wenzake, au aliteuliwa ofisini? Je, kamati hukutana kabla ya ajali, au baada ya mazishi? Je, kibarua wa ujenzi anayelipwa kwa siku ana nafasi katika kikao hicho, au bado yuko langoni kama kuli wa mwaka 1939?

Pale ambapo majibu ni mabaya, hapana budi kuanza upya na jambo lile lile walilolianza makuli: kukaa pamoja na kusemezana. Sheria tunayo. Kilichobaki ni watu wa kuisimamisha.