Futiboli ya vyuo Marekani: Indiana kutetea taji katika msimu wa fedha nyingi

MSIMU wa mwaka 2026 wa futiboli ya Kimarekani kwa vyuo vikuu umepangwa kufunguliwa Jumamosi ya Agosti 29, na miongoni mwa mechi za awali ni ile ya North Carolina dhidi ya TCU, itakayochezwa mjini Dublin, Ireland. Bingwa atajulikana Januari 25, 2027 mjini Las Vegas.

Taji linashikiliwa na Chuo Kikuu cha Indiana, kilichoifunga Miami pointi 27-21 katika fainali ya Januari 19, 2026 na kumaliza msimu kwa ushindi wa mechi 16 bila kupoteza hata moja. Kwa wanaoufuatilia mchezo huo, ni tukio la ajabu. Mwaka 2023 timu hiyo ilishinda mechi tatu tu kati ya 12, kabla ya kumwajiri kocha Curt Cignetti. Hata hivyo, itatetea taji bila Fernando Mendoza, mchezaji aliyeongoza mashambulizi yake na kutwaa tuzo ya Heisman, ambaye aliamua kwenda ligi ya kulipwa.

Mchezo huu si kandanda tunayoijua. Kila upande huwa na wachezaji 11 katika uwanja wenye urefu wa yadi 100, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10, ikishindwa, huupoteza. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huzaa pointi sita. Mechi ya kwanza baina ya vyuo ilichezwa Novemba 6, 1869, Rutgers ikiishinda Princeton 6-4. Leo uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan pekee una nafasi za watazamaji 107,601, idadi ambayo viwanja vya timu za kulipwa haviifikii.

Kila timu hucheza kwa kawaida mechi 12, kisha kamati huteua timu 12 za kuwania ubingwa. Nne za juu huvuka raundi ya kwanza bila kucheza. Hadi msimu wa 2023 zilikuwa zikiteuliwa timu nne tu, na malalamiko ya walioachwa hayakuwa na mwisho. Kupanuliwa kwa nafasi hakukuyamaliza.

Lakini jambo linalogusa zaidi maisha ya wachezaji ni fedha. Kwa miongo mingi mwanafunzi alipata ufadhili wa masomo, chakula na malazi tu, huku chuo kikivuna mamilioni kutoka televisheni na makocha wakilipwa kuliko watumishi wote wa umma katika majimbo mengi. Julai 2021 waliruhusiwa kuuza majina na picha zao kwa wafanyabiashara. Juni 6, 2025, mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviwezesha vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban Dola za Marekani milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Aidha, timu ya futiboli sasa haiwezi kusajili zaidi ya wachezaji 105.

Matokeo yake ni uhamisho mkubwa kila Januari. Kocha huweza kuanza mazoezi akiwa na nusu ya kikosi asichokifahamu, na shabiki hulazimika kujifunza majina upya. Makocha nao hawakai: Lane Kiffin aliihama Ole Miss kwenda LSU Novemba 2025, timu yake ikiwa inajiandaa kuwania ubingwa.

Ramani nayo imevurugika. Vyuo hushindana kwa kanda, ila neno hilo limebaki jina tu. Kanda ya Big Ten, yaani kumi kubwa, ina vyuo 18 kutoka pwani hadi pwani. Stanford ya California imo katika kanda ya pwani ya Atlantiki. Kanda ya Pac-12 ilikimbiwa mwaka 2024 na vyuo 10, ikabaki na Oregon State na Washington State tu. Viwili hivyo vilicheza misimu miwili kwa kuokoteza wapinzani. Msimu huu vinaanza upya na wanachama wapya, wakiwamo Boise State, Fresno State na San Diego State.