Kipande cha Shingoni na Daftari la Geti

Wasee, tunalalamika leo kuhusu data, lakini babu zetu waliivaa shingoni. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alibeba kikopo cha chuma chenye karatasi: jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, mshahara. Hapo kwa mshahara ndipo uliposhikwa. Ukienda kwa mzungu mwingine kuomba kazi, anaona ulilipwa ngapi kwa yule wa kwanza. Utaitisha nyongeza vipi? Harry Thuku, aliyekamatwa Machi 1922, alipinga hicho kipande waziwazi.

Kikopo kiliisha, tabia ikabaki. Ingia jengo lolote hapo town. Askari anataka tu kujua una shughuli ya halali, lakini unaacha jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu kwa daftari ambalo mgeni anayefuata analisoma akiandika lake.

Na dawa ilishapatikana 1985. Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walionyesha kwamba unaweza kuthibitisha jambo bila kufichua lingine lolote. Chukua biro mbili, nyekundu na bluu, umpe rafiki asiyetofautisha rangi. Anazificha mgongoni, anazibadilisha au anaziacha, kisha anakuuliza kama amebadilisha. Ukipatia mara 20 mfululizo, uwezekano kwamba unabahatisha ni chini ya mmoja kwa milioni. Ameamini rangi ni tofauti, na bado hajui ipi ni nyekundu.

Blokucheini peke yake haifichi kitu, bana. Ile ya Bitcoin, tangu 2009, ni daftari la geti ambalo dunia nzima inasoma. Ni Zcash, 2016, iliyoingiza hesabu hii ili malipo yahakikishwe bila kuonyesha mtumaji, mpokeaji wala kiasi.

Kisha 2023 ikaja Worldcoin, nayo ikitumia hesabu hiyo hiyo. Kasoro ilikuwa mlangoni: kabla ya kufichwa chochote, ulipigwa picha ya mboni za macho, ukapewa sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Watu walijaa KICC. Serikali ilisimamisha zoezi Agosti mwaka huo. Amri ya Mahakama Kuu ya kufuta data hizo ilikuja Mei 2025.