Wageni Waliokuwa Wana

Kila ukoo wa Tarime na Serengeti una orodha ya mababu zake, nayo hutajwa jina baada ya jina kana kwamba wote walizaliwa katika boma moja. Sivyo ilivyokuwa. Wengi waliohesabiwa humo walikuja wakiwa wageni, wakapokewa, wakawa wana. Sisi tunaofundisha habari za kale twaona ni vema kueleza jinsi watu hao wawezavyo kutafutwa, maana katika Tarime damu imemwagika zaidi ya mara moja baina ya koo kwa ajili ya mashamba na malisho, na katika ugomvi huo neno "mgeni" hutumiwa kama rungu.

Walikujaje? Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi, tena palikuwa na vita na njaa. Wazee wa Wanata na Waikoma hukumbuka njaa moja ya siku zile kwa jina la Njaa ya Miguu, kwa kuwa watu walikwenda kwa miguu mpaka Usukuma kutafuta chakula. Katika taabu za namna hii watoto walitolewa ili kupata nafaka, na yatima waliokotwa njiani. Mtoto wa namna hiyo alilelewa, akatahiriwa pamoja na wenzake, akapewa ng'ombe wa kuolea. Toka hapo haikuwa adabu kumkumbusha alikotoka, na wajukuu wake walimtaja yule aliyempokea kuwa ndiye babu yao. Tena Wakuria wana desturi ya nyumba ntobhu, ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume humwoa mwanamke mwenzake, na watoto wazaliwao ni wa nyumba yake. Basi nasaba zetu hufuata nyumba kuliko damu.

Atakaye kumtafuta babu wa namna hii na aanze kwa vizazi. Wakuria wana vizazi vya pande mbili. Upande mmoja ni Saai, Nyambureti, Gamunyere na Maina. Upande wa pili ni Chuma, Mairabe, Gini na Nyangi. Mwana huingia kizazi kinachofuata kile cha baba yake, na baada ya cha nne majina huanza tena. Basi mzee akikutajia mababu zake, mwulize kila mmoja alikuwa wa kizazi gani. Mahali pasipofuatana, huenda jina limesahauliwa, au mtu ameingizwa. Hapo ndipo pa kuuliza zaidi, wala usiwaache akina bibi, kwa maana wao hukumbuka nani alinyonyeshwa na nani.

Kisha tazama vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Wamenoni walianza kazi Shirati, ambayo sasa iko wilaya ya Rorya, mwaka 1934. Mapadre wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946. Miaka hiyo yaonekana kuwa ya karibu, lakini mtu aliyebatizwa mwaka 1935 akiwa na miaka 40 alizaliwa siku zile za sotoka. Tena usiishie upande mmoja wa mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mpaka unaoanzia ziwani, nao ukawagawanya Wairege, Wanyabasi, Wakira na Wagumbe. Jina lisiloonekana Tarime laweza kuonekana Kenya.

Jambo hili si la kwetu tu. Kuanzia mwaka 1755 Waingereza waliwafukuza Waakadia, watu wa asili ya Ufaransa waliokaa pande za Kanada. Wengi wao mwishowe walifika Louisiana, katika Marekani, nao ndio waitwao Cajun. Wajerumani waliotangulia kukaa huko tangu mwaka 1721 wakaoana nao, wakasema Kifaransa, hata majina yao yakageuka. Jina Zweig, ambalo kwa Kijerumani ni tawi, likawa Labranche, ambalo ni tawi kwa Kifaransa. Leo wajukuu wao hupekua vitabu vya kanisa, wakakuta Mjerumani nyuma ya jina la Kifaransa. Vivyo hivyo mtoto wa Kijaluo aliyelelewa Ukuria aliitwa Chacha au Mwita, na mwanawe hakuwa na jina jingine.

Mathayo alipoandika nasaba ya Bwana wetu hakumficha Ruthu, naye alikuwa Mmoabi. Na sisi tuandike vivyo hivyo. Nunua daftari, uandike majina, vizazi, na mahali alikotoka kila mmoja, mgeni na aandikwe kuwa mgeni aliyefanywa mwana. Kufanya hivyo si kumwondolea mtu haki ya shamba lake. Ukoo utakaoisoma orodha yake yote kwa kweli utaona jinsi ulivyojengwa na wageni, nao utasita kabla ya kumwambia jirani arudi kwao.