Mr. Bean: Sehemu 15 tu, maneno machache, dunia nzima ikacheka

Mtoto asiyejua neno hata moja la Kiingereza anaweza kumtazama Mr. Bean mwanzo mwisho na asipitwe na kitu. Wengi hudhani ni bahati tu. Kumbe mwigizaji wake, Rowan Atkinson, alilipima jambo hilo mapema, kabla kipindi hakijafika kwenye TV.

Alianzia wapi?

Atkinson alizaliwa Uingereza mwaka 1955. Alisomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Newcastle, kisha akaenda Oxford kwa shahada ya uzamili. Huko Oxford ndiko alikokutana na mwandishi Richard Curtis, na ndiko alikoanza kumtengeneza mhusika huyu: mtu mzima mwenye akili na ubinafsi wa mtoto mdogo.

Atkinson ana kigugumizi tangu utotoni, na amewahi kusema kwamba kinapotea akiwa anaigiza mhusika mwingine.

Jaribio la Montreal

Mwaka 1987 alialikwa kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada. Waandaaji walitaka kumpanga na wachekeshaji wa Kiingereza. Yeye akakataa, akaomba apande jukwaa la wanaozungumza Kifaransa, ingawa hakuwa na mstari hata mmoja wa Kifaransa.

Waandaaji hawakumwelewa. Lakini jamaa alikuwa na hesabu zake: alitaka kuona kama watu wasiotegemea Kiingereza watacheka kwa kuutazama uso na mwili wake tu.

Jina la Bean, yaani haragwe, lilipatikana baadaye sana. Majina mengine ya mboga yalifikiriwa, likiwemo la koliflawa.

Januari 1, 1990

Sehemu ya kwanza ilirushwa ITV siku ya mwaka mpya 1990. Ndani yake Bean anaingia chumba cha mtihani akiwa amesomea mada moja tu, anafungua karatasi na kukuta maswali ya mada nyingine. Kinachofuata kila mwanafunzi anakijua: shingo inarefuka, macho yanahamia kwa jirani.

Mwaka huohuo kipindi kilishinda tuzo ya Rose d'Or huko Montreux, Uswisi. Baadaye, sehemu moja ilitazamwa na zaidi ya watu milioni 18 nchini Uingereza pekee.

Siri yake ni nini?

Visa vyake ni vya maisha ya kawaida: kusinzia kanisani, kwenda kwa daktari wa meno, kununua vitu dukani. Tofauti ni kwamba Bean hutatua tatizo dogo kwa njia inayozaa kubwa zaidi. Akinunua vitu vingi mpaka gari linajaa, anafunga kiti juu ya paa la kile ki-Mini chake cha kijani na kuliendesha akiwa huko juu. Akimpikia mgeni bata mzinga wa Krismasi, kichwa chake kinanasa ndani ya huyo bata.

Kwa kuwa hakuna mazungumzo mengi, hakukuwa na kazi kubwa ya kutafsiri. Kipindi kiliuzwa katika nchi na maeneo zaidi ya 190, na mashirika ya ndege yakakipenda kwa sababu abiria anaelewa hata bila spika za masikioni.

Sehemu 15 tu

Wengi wanaamini sehemu zake ni mamia. Ukweli ni kwamba kipindi chenyewe kina sehemu 15 tu, na kilifikia mwisho mwaka 1995. Filamu ya kwanza ilitoka 1997 na kuingiza zaidi ya dola milioni 200, katuni zikaanza 2002, na filamu ya pili ikafuata 2007.

Mwaka 2012, kwenye ufunguzi wa Olimpiki jijini London, Atkinson alichekesha uwanja mzima kwa vituko vilevile vya Bean, akibonyeza noti moja tu kwenye kinanda.

Mwaka huohuo alieleza kwamba mtu wa zaidi ya miaka 50 akiendelea na utoto, mtazamaji huanza kumhurumia badala ya kumcheka. Ndiyo maana Bean wa kwenye TV hazeeki: zile sehemu 15 zimebaki zilivyo, na kila mwaka kuna mtoto mahali fulani anayeziona kwa mara ya kwanza.