Simu Inazima Kabla Ufike Keja? Hivi Ndio Unafaa Kutunza Betri Kama Unaishi Mtaa Kama Gatina

Cheki hii. Umepanda mat ya 46 ukirudi Kawangware. Konda anafika kwako, unatoa simu umtumie finje na M-Pesa. Betri iko asilimia mbili. Kabla umalize kuweka PIN, skrini inaingia giza. Konda anakuangalia, abiria wanakuangalia, na doo unayo, ni vile tu imefungiwa ndani ya simu yenye imekufa.

Hapo ndipo unajua betri si mambo ya TikTok pekee. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, simu imekuwa kibeti, na siku hizi ni ofisi pia. Pale Gatina kuna mathe anangoja apigiwe akafue nguo Lavington, kuna msee wa mjengo anangoja foreman, kuna rider wa nduthi anangoja kasto. Simu ikizima saa nane mchana, hiyo kazi inaenda kwa mwenye simu yake imewaka.

Sasa tuelewane kitu moja kwanza. Kuna chaji ya leo, yaani kama simu itafika jioni. Halafu kuna uhai wa betri, yaani kama mwaka ujao bado itashika chaji. Wengi huokoa ya kwanza wakiua ya pili.

Betri huzeeka aje?

Simu yako inatumia betri ya lithiamu-ioni, aina yenye Sony ilianza kuuza 1991. Hii betri huhesabiwa kwa raundi. Ukitumia asilimia 100 yote, hiyo ni raundi moja. Ukitumia 50 leo na 50 kesho, hiyo pia ni raundi moja. Kila raundi inakula uhai kidogo.

Kule Ulaya, tangu Juni 20, 2025, sheria inataka betri ya simu mpya ifanye angalau raundi 800 na bado ibaki na asilimia 80 ya nguvu yake. Tufanye hesabu na hiyo 800. Ukimaliza raundi moja kwa siku, hiyo ni miaka miwili na kidogo. Ukimaliza mbili kwa siku, ni kama mwaka na mwezi mmoja. Na betri ya 5000 mAh ikibaki na asilimia 80, sasa unatembea na ya 4000.

Kama simu yako ni ya lipa mdogo mdogo, hapo ndio pointi iko. Unataka betri iishi kuliko deni. Hakuna kitu inauma kama kulipia kila siku simu yenye haiwezi toka nje bila waya.

Adui namba moja ni joto

Keja ya mabati saa saba mchana unaijua. Apple husema simu zao zisitumike mahali joto limepita digrii 35, na kwamba joto likizidi hapo linaweza kuharibu betri kabisa, isirudi. Hata ya Android haipendi hiyo moto. So:

- Usiache simu kwa dirisha penye jua linapiga, ama kwa dashibodi ya gari.
- Usicheze gemu ama uende live simu ikiwa kwa chaji. Hapo unaipasha moto kutoka pande mbili.
- Ikiwa moto ukichaji, toa kava.
- Usichaji chini ya mto ama ndani ya blanketi. Weka juu ya meza ama sakafuni. Hii si ya betri tu. Keja zimeshikana, na moto ukianza kwa kitanda chako hauishii kwako.
- Usiiweke kwa friji ipoe. Maji yataingia ndani, uanze shida ingine.

Chaji kidogo kidogo, usingoje ife

Ile story ya "acha iishe kabisa ndio uchaji" ni ya betri za kitambo za nikeli. Hata ile ya kuchaji simu mpya masaa manane kabla uiwashe, achana nayo. Lithiamu inapenda kukaa katikati, kama kati ya 20 na 80. Ukipita kwa kinyozi uwekewe nusu saa, hiyo ni poa kabisa, haiharibu kitu.

Kulala simu ikichaji haitalipua betri yenye iko sawa, juu simu yenyewe hukata ikijaa. Shida ni kukaa 100 usiku mzima ndani ya nyumba yenye joto. Ingia setingi, upande wa betri, uone kama kuna mahali pa kusimamisha chaji kwa 80. Samsung nyingi na iPhone kuanzia 15 ziko nayo.

Stima za mtaa

Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima iliingia giza, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Lakini mtaani hatungojangi siku kubwa kama hiyo. Stima hupotea na kurudi vile inataka, na kama nyumba yenu ni ya sambaza, nguvu yake inapanda na kushuka.

Ikipotea, toa chaja kwa soketi hapo hapo. Ikirudi, ngoja dakika kama tano uone taa imetulia, ndio urudishe. Ule mshtuko wa kurudi ndio huunguza chaja.

Na hiyo chaja yenyewe, icheki. Kama inachoma mkono, ama ukiichomeka skrini inaanza kujibonyeza yenyewe, itupe. Ni afadhali ukae bila lunch siku mbili ununue ya maana kuliko kununua simu ingine.

Pawabenki nayo, usidanganywe na namba. Ya 10000 mAh haijazi simu ya 5000 mara mbili, juu nguvu ingine hupotea njiani. Tarajia kama mara moja na nusu, tena kama ni genuine.

Kufikisha chaji jioni

- Punguza mwangaza wa skrini, na uiambie ijizime baada ya sekunde 30. Skrini ndio hukula sana.
- Rangi nyeusi husaidia kwa skrini za OLED. Kwa simu nyingi za bei ya chini zenye ni LCD, ni urembo tu.
- Netiweki ikiwa kijiti kimoja, simu inatumia nguvu mob kuitafuta. Kama uko ndani ya ploti penye haishiki na hungoji simu ya mtu, bonyeza ile alama ya ndege.
- Zima hotspoti. Jirani anunue bando yake.
- Usifunge apu zote kila dakika. Kuzifungua upya pia hukula chaji. Angalia kwa setingi ni gani inakula sana, ushughulike na hiyo pekee.
- Washa kuokoa betri ikiwa 30, si ikiwa 5.
- Asilimia 15 ya mwisho ni ya kazi na pesa. Zima data. M-Pesa bado inafanya kwa *334# bila bando.

Betri ikifura

Ukiona mgongo wa simu umeinuka ama skrini inaachana, simama hapo. Usichaji, usiifinye, usiidunge. Izime, upeleke kwa fundi. Kama bado unailipia, uliza kwanza wale walikuuzia, juu fundi wa nje akiifungua unaweza poteza waranti.

Na fundi akikuletea betri ya saizi ile ile lakini imeandikwa mAh mara mbili ya ile ya kwanza, hiyo ni uongo. Namba ni wino tu.

Anza na moja leo: toa simu kwa jua, ama toa chaja kwa soketi stima ikienda. Halafu kesho ukipanda 46, bado beba finje cash kwa mfuko. Hata betri imetunzwa vizuri huwa na siku yake, na konda hana hiyo time.