Sumu ya Mishale na Majina Yake

Sisi tukaao Kamunyonge, ukingoni mwa ziwa, twaishi kwa samaki kuliko kwa mawindo. Lakini mashariki mwa Musoma, katika nchi ya Ikoma, wawindaji wa zamani walipaka mishale yao sumu. Mti mmoja utoao sumu ya namna hiyo huitwa msunguti kwa Kiswahili, na kwa Kimasai olmorijoi. Twataka kueleza jinsi wataalamu wa kemia walivyozichunguza sumu hizi, na ni nani waliozijua kwanza.

John Kirk, tabibu na mjuzi wa mimea, alisafiri na David Livingstone nchi za Zambezi tangu mwaka 1858 hata 1863. Huko aliiona sumu iitwayo kombe. (Hii siyo kombe ya pwani, yaani maandishi ya Kurani yaoshwayo yakanywewa.) Yasimuliwa kwamba siku moja mswaki wake uliguswa na sumu hiyo, alipopiga mswaki akasikia uchungu kinywani, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Ndipo alipotambua kuwa sumu hii hushika moyo. Baadaye Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza mbegu ya kombe, akapata strofanthini, na mwaka 1885 akawatangazia madaktari kuwa yafaa kwa moyo uliodhoofika.

Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alipata fuwele za sumu nyingine katika mti wa nchi ya Wasomali, ulio wa jamii moja na msunguti. Akaiita ouabaïne, kwa kufuata neno la Kisomali waabaayo.

Sumu zote mbili ni za aina moja: sukari iliyounganishwa na kitu kingine chenye nguvu. Mwaka 1953 Schatzmann alionyesha kuwa dawa za aina hii huzuia chembe za mwili zisitoe sodiamu nje. Kwa hiyo kalsiamu huzidi ndani ya chembe za moyo, na moyo hujikaza kwa nguvu. Kipimo kikizidi, mapigo huvurugika, na moyo husimama. Tena sumu ya Arnaud hupenya kwa shida tumboni, bali ikiingia katika damu huua upesi. Basi mnyama huanguka, na mwindaji hukata nyama iliyozunguka jeraha, akala iliyobaki. Wawindaji walilijua jambo hili kabla mtaalamu hajalieleza.

Tazameni basi. Fuwele ni kazi ya wataalamu, nao wastahili sifa. Lakini kuujua mti, na kujua kuwa sumu yake huua mnyama nayo nyama ikalika, ni kazi ya wawindaji, na hapana hata mmoja wao ambaye jina lake limetiwa katika jina la dawa. Wasomali na watu wa Zambezi wameachiwa neno moja moja. Msunguti haukupata hata hilo.

Kwa hiyo twawasihi walimu wenzetu: mkisikia jina la mti kwa mzee, andikeni pia jina lake yeye, kijiji chake na lugha yake, tena mkaushe tawi lenye majani na maua. Jina lisilo na tawi hupotea, maana jina moja huweza kuitwa miti miwili. Wala mtu asijaribu sumu hizi, kwa kuwa kati ya dawa na mauti nafasi ni nyembamba sana.